Mama Amefariki Nyumbani Nawe Uko Marekani: Usikate Tiketi Bado

Pole sana. Habari ya namna hii ikiingia usiku, kabla hakujapambazuka kundi la ukoo kwenye WhatsApp huwa limeshachagua kamati, limeshataja siku ya mazishi na limeshakuuliza unatua lini. Jibu mengine yote. Hilo la mwisho liache kwanza.

Kuondoka Marekani si kazi. Hakuna dawati la uhamiaji la kukugongea muhuri wa kuondoka. Unakabidhi begi, unapanda ndege, unamzika mama. Unajua umekwama siku ya kurudi, kwenye kaunta ya ndege pale Nairobi au Dar es Salaam, unapoambiwa huna karatasi ya kukuingiza. Nyumbani tumezoea kwamba panapo msiba afisa huona huruma, au anapatikana mtu wa kuongea naye. Huku huruma ina fomu yake, na fomu hiyo hujazwa kabla hujatoka. Narudia: kabla hujatoka.

Anayeumia zaidi ni yule anayesubiri kadi ya kijani kwa fomu I-485, labda kupitia ndoa au mtoto aliye raia. Ukitoka nje bila kibali cha kurudi, kile kinachoitwa advance parole, ombi lako linahesabika umeliachilia mbali. Hawakupigii simu kukuonya. Ada uliyolipa imekwenda, miaka ya kungoja imekwenda, na ombi la kadi linaanza upya wewe ukiwa nyumbani. Wenye viza halali za kazi za H-1B au L-1 na wategemezi wao, pamoja na aina nyingine chache za viza, wana nafuu yao. Wengine waliobaki, hapana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hudanganyika: kadi ya kazi si kibali cha kusafiri. Itoe mfukoni uisome. Kama imeandikwa "NOT VALID FOR REENTRY TO U.S.", basi ni ya kazi tu, hata kama ina picha yako na muda wake bado. Ile inayokuruhusu kurudi ina maneno "SERVES AS I-512 ADVANCE PAROLE". Usimwulize binamu aliyesafiri mwaka juzi akarudi salama. Huenda yeye alikuwa na kadi nyingine kabisa. Soma kadi yako mwenyewe.

Waliojilipua, yaani walioomba hifadhi, wana shimo la pili. Hata ukiwa na kibali mkononi, ukirudi katika nchi uliyosema inakutesa, serikali inachukulia kwamba umeliacha ombi lako mpaka uthibitishe ulikuwa na sababu nzito. Usijihakikishie mwenyewe kwamba mazishi ya mama yatatosha. Hilo likaamuliwe na wakili kabla ya safari. Hata aliyekwisha kupewa hifadhi, akisafiri kwa pasipoti ya nchi ile ile aliyoikimbia, anajitafutia maswali. Aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180, lakini chini ya mwaka, akitoka anafungiwa miaka 3. Mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Mwenye kesi mahakamani au amri ya kuondolewa asiguse begi kabla ya kuona wakili. Nasema wakili. Yule ndugu anayejazia watu fomu sebuleni kwake siye.

Mwanafunzi wa F-1: hakikisha I-20 yako, ile fomu ya chuo, imesainiwa kwa safari, na uangalie tarehe ya viza iliyo kwenye pasipoti. Ikiwa imekwisha, utaomba mpya ubalozini, na foleni hiyo haijali kwamba mitihani ni wiki ijayo. Tangu Juni 2025 Somalia na Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia, na baadaye orodha ikaongezwa, kwa hiyo itazame siku hiyo hiyo unayopanga safari. Mwenye kadi ya kijani halali, nenda kamzike mama, ila usikae mwaka. Kama pasipoti huna, hati ya dharura ya ubalozi wetu ni ya kukufikisha nyumbani tu, pasipoti utaitafuta huko. Mwenye pasipoti ya Marekani peke yake akumbuke eTA, kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni, kwa Kenya na viza kwa Tanzania.

Haya, kibali cha dharura. Njia ya kawaida ya I-131, fomu ya kuombea kibali hicho, huchukua miezi, na maiti haingoji miezi. Piga 1-800-375-5283, kituo cha USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ueleze kifo na tarehe ya mazishi, uombe miadi ya dharura katika ofisi ya karibu nawe. Beba I-131 iliyojazwa na kusainiwa, ada (thibitisha kiasi na namna ya kulipa asubuhi hiyo, maana hubadilika), picha mbili za pasipoti, pasipoti yenyewe, risiti ya I-485 na ushahidi wa msiba. Ofisi inaweza kukupa siku ile ile, inaweza pia kukataa. Ikikataa, hujaruhusiwa, hata kama tiketi imeshalipwa. Na usiondoke kwa risiti kwamba umeomba. Subiri karatasi yenyewe iwe mkononi mwako.

Ushahidi ndio unaowakwamisha watu. Bango la Facebook lenye picha ya mama na mishumaa halitoshi. Mtume mtu mwenye akili timamu hospitalini au kwa chifu apige picha safi ya kibali cha mazishi au taarifa ya kifo, pamoja na barua yenye tarehe ya maziko. Kisha cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama. Hapo majina hugongana: kwenye cheti chako ni Mary Wanjiru, kwenye kitambulisho chake ni Wanjiru Kamau, na kanisani walimjua kwa jina la tatu. Tafuta hati ya kiapo inayounganisha majina hayo mapema. Barua ya serikali ya mtaa iliyoandikwa kwa Kiswahili lazima iende na tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na tamko la mfasiri lenye saini.

Ukipata kibali, angalia njia ya ndege. Wewe huna viza wala kadi ya kijani, kwa hiyo uwanja wa Ulaya unaweza kukudai viza ya kupita tu. New York hadi Nairobi moja kwa moja, au kupitia Addis Ababa au Doha, kunapunguza maswali, lakini bado uliza shirika la ndege kabla ya kulipa. Ukirudi utapelekwa chumba cha pembeni kuhojiwa. Ni kawaida, ila kibali si ahadi ya kuingizwa.

Sasa ndugu wa nyumbani, nanyi tuelewane. Shangazi anayesema "mtoto gani hamziki mama yake" hana nia mbaya, ila hajui kwamba anamwomba mtoto huyo atupe kazi, nyumba na pengine watoto alioacha huku. Mteue mtu mmoja mnayemwamini aeleze ukoo kwa simu, asiandike kwenye kundi, kwamba karatasi zinazuia. Mkiombwa kusogeza mazishi siku chache, semeni gharama ya mochari kwa siku, na wewe wa Marekani uliyeomba kusubiriwa, lipa siku hizo. Kwa Waislamu maziko hayasubiri, na hakuna lawama hapo. Yako ni dua na hitma.

Rambirambi nazo zisimamiwe. Mweka hazina mmoja, mtu wa pili anayeona akaunti, na orodha itumwe kila jioni. GoFundMe, tovuti ya kuchangisha, hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango, na pesa haziingii benki siku hiyo hiyo, kwa hiyo bili ya hospitali isitegemee hizo. Tangu 1 Januari 2026 kutuma nje kwa fedha taslimu kuna kodi ya asilimia 1. Tuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani uikwepe kihalali. M-Pesa ya Kenya ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Bili ya hospitali ilipwe moja kwa moja hospitalini, jeneza kwa muuzaji. Si kwamba mjomba ni mwizi. Ni kwamba mjomba ana wadai wake, na msiba huwaleta wote mlangoni.

Kazini usitarajie makubwa. Hakuna sheria ya shirikisho inayompa mfiwa likizo. FMLA, sheria ya likizo ya familia, inakupa hadi wiki 12 bila malipo kumuuguza mzazi, lakini akishafariki mlango huo unafungwa. California inatoa siku 5, Illinois hadi siku 10 za kazi. Kwingine soma kijitabu cha mwajiri. Wamarekani watakupa kadi yenye saini za ofisi nzima kisha wakuulize ile ripoti iko wapi. Si ukatili, wamelelewa kuona kilio kama jambo la chumbani. Lakini wana sifa moja: ukiuliza haki yako waziwazi, wanakujibu waziwazi. Uliza pia kama kuna EAP, ushauri nasaha wa bure kupitia mwajiri.

Usiyeweza kusafiri, fungua mlango. Waache watu waje jioni, walete chakula, waimbe au wasome. Mwambie jirani wa ghorofa ya chini mapema, na mwenye nyumba kuhusu magari. Mazishi yarushwe kwa video na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu: simu mbili za mitandao tofauti, betri ya ziada, sauti ichukuliwe kwenye mashine ya spika na si hewani. Ibada ya saa nne asubuhi Nairobi ni saa tisa usiku New York majira ya joto, saa nane usiku majira ya baridi. Usiitazame peke yako. Omba wawili watatu walale kwako.

Jumuiya zetu hujaa nyumba wiki ya kwanza, kisha kimya. Mwenyekiti aandike zamu ya mwezi mzima: nani anapiga simu Jumanne, nani anapita Jumamosi. Nawe uliyekosa mazishi, jaza I-131 ya kawaida wiki hiyo hiyo. Ikitoka utakwenda kujengea kaburi, na baba, kama yu hai, anazeeka pia.