Kabla hujanunua nyumba chakavu Mbeya uikarabati na kuiuza: tembea na msumari

Siku hizi kila mwenye milioni thelathini benki anaiona biashara hii rahisi. Unanunua nyumba iliyochoka Isanga au Ilomba, unapiga rangi, unaweka marumaru, unambonyeza dalali, unauza. Nimeifanya mara nne. Mara mbili nilipata, mara moja nilirudisha hela yangu tu, na mara moja nilitoka na laki moja baada ya kuhangaika miezi kumi na mmoja. Hiyo ya laki moja ndiyo inayoniandikisha haya, maana juzi kijana mmoja alinionyesha picha za nyumba anayotaka kuichukua. Picha kama ishirini, zote za rangi na madirisha.

Karatasi kwanza, na hapa sitakaa sana kwa sababu wakili wako atakueleza vizuri kuliko mimi. Nyumba yenye hati, usiridhike na nakala ya kwenye simu ya dalali. Peleka namba ofisi ya ardhi, fanya upekuzi, uone jina ni la nani, kama kuna mkopo umeikalia, na miaka iliyobaki, maana hati hutolewa kwa 33, 66 au 99. Nyumba isiyo na hati, yenye makaratasi ya mtaa tu, hakikisha majirani wa pande zote wanaonyesha mpaka wakiwa wamesimama juu yake, siyo wakiwa kwenye benchi ofisini kwa mwenyekiti. Nyumba wanayoishi mke na mume haiuzwi na mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo akikwambia mama watoto kasafiri, mwambie utasubiri arudi. Nyumba ya marehemu anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa mwenye sauti nene siyo msimamizi. Hela ipite benki.

Madeni: angalia bili ya maji na kodi ya pango la ardhi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, hivyo nyumba iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme itakukata malimbikizo siku utakayoingiza tokeni ya kwanza. Ni hela ndogo, ila inaudhi.

Barabara. Ukiona nyumba iko karibu na TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, na bei yake imelala, tafuta ukutani alama ya X ya nyumba za kubomolewa, na kama ukuta umepakwa rangi mpya upande mmoja tu, jiulize kwa nini. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, thelathini kila upande kutoka katikati. Pima mwenyewe kwa futi. Tangu ianze kazi ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, hakuna Mbeya mtu wa kusema hakujua.

Sasa kuta, na hapa naomba ukae chini.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa ya vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, lipu laini, rangi ya krimu. Dalali aliupiga ukuta kofi akasema, "Kaka, hii ya wazee, haianguki leo wala kesho." Nikatoa milioni 34. Mpango wangu ulikuwa kuondoa ukuta kati ya sebule na chumba kidogo, kwa sababu wanunuzi wa sasa wanataka sebule ya kuweka makochi na meza ya chakula. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika ukarabati milioni 9, na nilijiona nimekadiria kwa ukarimu.

Fundi alipiga nyundo ya kwanza, tofali likatoka zima, safi, halina hata kovu. Nikachekelea, nikisema haya tutayatumia tena. Fundi hakucheka. Aliokota kilichokuwa katikati ya tofali na tofali, akakisaga kwa vidole, akanimiminia kiganjani bila kusema neno. Udongo. Nyumba nzima ilijengwa kwa udongo, saruji ikapakwa kwa juu tu.

Huku kwetu hilo si ajabu, na sitaki kumwita mtu tapeli. Matofali mtu anayafyatua na kuyachoma mwenyewe kiwanjani, lakini saruji lazima ainunue, basi anajengea udongo na saruji anaibakiza kwa lipu. Nyumba ya hivyo inasimama miaka na miaka ilimradi msingi uko juu ya maji, paa halivuji, na hakuna anayeichokoza. Mimi niliichokoza pande mbili kwa mkupuo. Nilitoboa ukuta, halafu nikaezua bati kuukuu ili niweke jipya, na ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Fundi bati aliahidi siku nne. Mvua ya kwanza ya msimu ilishuka kutoka mlima Loleza siku ya sita, usiku, tukiwa na turubai moja la kufunikia sebule.

Maji yaliingilia juu ya kuta, mahali ambapo hapakuwa na lenta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, maana wazee walilaza mbao juu ya madirisha na kuendelea. Udongo ukawa uji. Asubuhi lipu ilikuwa imevimba, ukiigonga inaitika kama debe tupu, na ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa kutoka kona ya dirisha hadi juu ambao nilipitisha vidole viwili. Siku ya tatu tuliubomoa wenyewe kabla haujamwangukia saidia fundi. Ukafuata ukuta wa pili. Ikabidi tumwage lenta nyumba nzima, nondo, kokoto, mirunda ya kushikilia, lipu upya. Milioni 9 ikawa 19 na nusu.

Katikati ya hekaheka hiyo mzee wa jirani alikuwa anakaa chini ya mparachichi wake akitutazama. Siku moja nilimsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyumba hiyo udongo wake tuliuchota pale bondeni, mimi na mwenyewe."

"Sasa mzee wangu, mbona hukuniambia kabla sijanunua?"

"Kijana, hiyo ndiyo shikamoo yako ya kwanza. Siku zote ulipita na dalali ndani ya gari, vioo juu."

Sikuwa na la kujibu. Niliiuza kwa milioni 58. Toa 34 za kununulia, toa moja na nusu ya wakili na uhamisho, toa 19 na nusu, toa asilimia tano ya dalali. Ndiyo ile laki moja. Kuku wa mke wangu mwaka ule walinizidi kipato.

Kwa hiyo: nenda na msumari wa inchi nne mfukoni. Usiuchomeke sebuleni mbele ya mwenye nyumba, tafuta mahali ambapo lipu haikufika. Nyuma ya choo. Nyuma ya jiko la nje. Pazuri zaidi ni juu ya dari, pale ukuta unapokutana na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kwa sababu karibu hakuna anayepiga lipu huko. Chokonoa kati ya matofali. Saruji itakwaruzika na kubisha, udongo utamwagika. Ukikuta udongo si lazima ukimbie. Shusha bei, acha kila ukuta mahali ulipo, usiongeze uzito juu, tengeneza mitaro maji yakae mbali na msingi, na hesabu ya lenta iingie kwenye bajeti kabla ya marumaru. Tuko kwenye Bonde la Ufa huku, ardhi inatikisika mara kwa mara, na ukuta wa udongo usio na lenta hauhitaji tetemeko kubwa.

Ukishapanda darini, angalia na mbao. Kenchi za paini zisizotiwa dawa huliwa kimyakimya. Ziguse kwa msumari uleule. Za kubadilishia chukua mbao za Mafinga zenye dawa, na ukubali bei. Bati, kumbuka namba kubwa ndiyo nyembamba: geji 32 ni laini kuliko 28, hata kama muuzaji anakuimbia vingine. Paa la asbesto kwenye nyumba za zamani usilitoboe wala kulivunja kwa nyundo, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Msimu. Mvua zetu ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, wakati mwingine wa tano. Kazi yoyote ya paa ianze mvua ikikatika na iishe kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Juni na Julai fanya kazi, ila usimharakishe fundi rangi; kwa baridi ile lipu inachelewa kukauka, na ukipaka juu ya unyevu utaiona rangi inabanduka mnunuzi akiwa mlangoni.

Mafundi walipe kwa hatua iliyokamilika, siyo kwa msiba, ada wala sikukuu. Saruji nunua ya wiki, ikikaa stoo kwenye unyevu wa huku inaganda. Ukivunja kuta au kuongeza chumba, chukua kibali cha halmashauri.

Hela ya dharura tenga angalau robo ya bajeti, na ukishaitenga usiigeuze kuwa jipsamu ya sebule. Usiipendezeshe nyumba kuliko mtaa wake. Mnunuzi wa Ilomba anataka maji ndani, choo ndani, jiko lisilo na moshi na geti linalofunga. Risiti zote tia kwenye bahasha moja, kwa sababu ukiuza serikali inachukua asilimia 10 ya faida, na bila risiti huwezi kuthibitisha gharama ulizotumia.

Na uweke mtu wa kulala pale. Nyumba tupu yenye milango mipya huamka bila milango. Mabomba pia, na nyaya, hata beseni la choo nimewahi kusikia. Dalali asishike ufunguo. Majirani wasalimie kuanzia siku ya kwanza, ushuke kwenye gari. Na ngazi ya fundi, itikise kwanza kabla hujapanda kwenda darini na huo msumari wako.