Mteja kaandika "bati": kupanga matokeo ya utafutaji kwa PostgreSQL

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia simu siku chache baada ya tovuti yake kwenda hewani. Alikuwa ameandika neno "bati" kwenye kisanduku cha kutafutia, akaletewa Misumari ya bati, kisha Kofia ya bati, kisha Rangi ya bati. Mabati yenyewe yalikuwa huko chini. Akaniuliza, "Mwanangu, mtu akija dukani akasema bati, mimi nimpe misumari?"

Kwiri yangu, yaani amri ya kuiuliza hifadhidata, ilikuwa inafanya kazi. Bidhaa zote zenye neno hilo zilirudi, ila zilirudi bila mpangilio wenye maana kwa mnunuzi. Njia ninayoeleza hapa ndiyo niliyoifikia kwa duka lile, na naitumia hadi leo. Unahitaji hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 12 au la baadaye. Mifano ya upande wa seva ni ya PHP, lakini lugha yoyote inafaa.

Hatua ya 1: Tengeneza safu ya kutafutia

Jedwali letu linaitwa `bidhaa`. Lina `id`, `jina`, `maelezo`, `bei`, `geji` (namba ya unene wa bati), `idadi` iliyopo stoo na `mauzo`. Tunaongeza safu mbili: `mbadala`, ambayo nitaieleza punde, na `tafuta`, ambayo PostgreSQL itaijaza yenyewe.

```sql
ALTER TABLE bidhaa ADD COLUMN mbadala text NOT NULL DEFAULT '';

ALTER TABLE bidhaa ADD COLUMN tafuta tsvector
GENERATED ALWAYS AS (
  setweight(to_tsvector('simple', coalesce(jina, '')), 'A') ||
  setweight(to_tsvector('simple', mbadala), 'B') ||
  setweight(to_tsvector('simple', coalesce(maelezo, '')), 'D')
) STORED;

CREATE INDEX ON bidhaa USING gin (tafuta);
```

Herufi A, B na D ni uzito. Usipobadilisha chochote, neno lenye uzito A huhesabiwa 1.0, B 0.4, C 0.2 na D 0.1. Kwa hiyo neno likiwa kwenye jina lina nguvu mara kumi kuliko likiwa kwenye maelezo.

Andika `'simple'` waziwazi, usiache seva ijichagulie. PostgreSQL haina kamusi ya Kiswahili, na seva nyingi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza. Kamusi ya Kiingereza hutupa maneno inayoyaona hayana maana ya kutafutia, na mojawapo ni "same". Duka likiwa na tawi wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, jina la mji linafutika kwenye safu ya kutafutia na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya.

Hatua ya 2: Kipe kila kitu majina yake yote

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Ukitegemea `ts_rank`, hesabu ya PostgreSQL inayopa kila tokeo alama, peke yake kwenye jina, "Bati geji 28" na "Misumari ya bati" zinapata alama ileile kwa neno "bati": 0.6079271. Kila jina lina neno hilo mara moja, lenye uzito A, basi. Hesabu hiyo haijui kwamba moja ni bati na nyingine ni misumari.

Sisi tunajua, na tunajua kwa sababu ya jinsi Kiswahili kinavyopanga maneno. Kitu chenyewe hutangulia, sifa zake hufuata. Misumari ya bati ni misumari. Rangi ya bati ni rangi. Mteja naye huandika hivyohivyo: "bati geji 28", "kitasa cha mlango", "bomba la maji". Neno lake la kwanza karibu kila mara ndilo analotaka kununua.

Tatizo linalobaki ni ngeli. Mmoja ataandika bati, mwingine mabati. Msumari, misumari. Ubao, mbao. Umoja na wingi wetu hubadilika mwanzoni mwa neno, na `'simple'` huyaona hayo kuwa maneno mawili tofauti kabisa.

Watu hukimbilia trigramu za `pg_trgm`, kiendelezi cha PostgreSQL, zinazolinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatutatu. Nilizijaribu. "Bati" ina vipande 5, "mabati" 7, na vinavyofanana ni 3. Gawanya 3 kwa vipande 9 tofauti vilivyopo kwa jumla, unapata 0.33. Kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3, kwa hiyo bati inapita kwa shida. Lakini "ubao" na "mbao" zinafanana vipande 2 kati ya 8, yaani 0.25, na fundi anayetafuta ubao ataambiwa hakuna. Saruji na simenti ndiyo kabisa: ni mfuko uleule, ila maneno hayo yanafanana kipande 1 tu kati ya 14, yaani 0.07.

Kwa hiyo tunajaza `mbadala` kwa mkono, na humo tunaweka majina ya kitu chenyewe tu, kwa herufi ndogo:

```sql
UPDATE bidhaa SET mbadala = 'bati mabati'
WHERE jina ILIKE 'bati %';
UPDATE bidhaa SET mbadala = 'msumari misumari'
WHERE jina ILIKE 'misumari %';
UPDATE bidhaa SET mbadala = 'saruji simenti simiti'
WHERE jina ILIKE 'saruji %';
```

Misumari ya bati haiandikiwi "bati" humu. Ukiiandikia, umerudi ulikotoka. Usiifanye kazi hii peke yako pia: kaa na anayeuza. Mimi nilikaa na yule mama mchana mmoja, yeye akitaja kila jina ambalo wateja huitia kitu, mimi nikiandika.

Hatua ya 3: Safisha alichoandika mteja

`websearch_to_tsquery`, inayogeuza maandishi ya mteja kuwa utafutaji na iliyopo tangu toleo la 11, hudai maneno yote yapatikane. Mteja akiandika "msumari wa bati", itatafuta pia "wa", na bidhaa yetu ina "ya". Viunganishi hivi tunaviondoa mapema.

```php
$viungo = ['wa','ya','la','cha','vya','za','kwa','na'];
$maneno = preg_split('/\s+/', mb_strtolower(trim($alichoandika)));
$maneno = array_values(array_diff($maneno, $viungo));
$safi   = implode(' ', $maneno);
$kwanza = $maneno[0] ?? '';
```

Hatua ya 4: Panga

```sql
SELECT id, jina, bei, idadi
FROM bidhaa, websearch_to_tsquery('simple', :safi) AS q
WHERE tafuta @@ q
ORDER BY
  (:kwanza = ANY(string_to_array(mbadala, ' '))) DESC,
  (idadi > 0) DESC,
  ts_rank(tafuta, q) DESC,
  mauzo DESC NULLS LAST,
  id
LIMIT 20;
```

Mstari wa kwanza wa mpangilio ndio jibu la swali la yule mama: kitu chenyewe kwanza, vinavyohusiana nacho baadaye. Kwenye PostgreSQL kweli ni kubwa kuliko si kweli, ndiyo maana ya `DESC` pale.

Kilichopo stoo nimekiweka mbele ya `ts_rank` kwa makusudi. Alama za `ts_rank` ni desimali ndefu ambazo bidhaa zenye maelezo tofauti hazigongani mara nyingi, na chochote utakachokiweka nyuma yake hakitapata nafasi ya kuamua. Mtu anayejenga hana haja ya kuonyeshwa kwanza mabati yaliyokwisha.

`NULLS LAST` usiisahau. Ukipanga kwa `DESC`, PostgreSQL huweka thamani tupu juu kabisa, na bidhaa ambayo haijawahi kuuzwa itaonekana kama ndiyo inayouzika kuliko zote. `id` ya mwisho ni ya kuvunja sare: bila hiyo, bidhaa ileile inaweza kutokea ukurasa wa 1 na tena ukurasa wa 2, huku nyingine isionekane popote.

Hatua ya 5: Mteja anapotaka kupanga mwenyewe

Jina la safu haliwezi kupitishwa kama kigezo. Ukiandika `ORDER BY :safu`, PostgreSQL italichukua kama maandishi tu, haitapanga chochote na haitalalamika. Ukilibandika moja kwa moja kutoka kwenye anwani ya ukurasa, umemfungulia mlango yeyote anayetaka kuichezea hifadhidata yako. Weka orodha yako mwenyewe:

```php
$mipango = [
  'bei_ndogo' => 'bei ASC, id',
  'bei_kubwa' => 'bei DESC NULLS LAST, id',
  'unene'     => 'geji ASC NULLS LAST, id',
];
$mpango = $mipango[$_GET['panga'] ?? ''] ?? null;
```

`$mpango` ikiwa tupu, tumia mpangilio wa hatua ya 4. Unene wa bati unapangwa kwa `ASC` kwa sababu geji 28 ni nene kuliko geji 30. Nambari ikipanda, bati linakuwa jembamba.

Hakikisha pia `bei` ni namba. Kwenye duka lile ilikuwa imehifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo 12000 ilitangulia 9500, maana 1 huja kabla ya 9.

Hatua ya 6: Sikiliza utafutaji uliotoka mtupu

Kila utafutaji uliokosa matokeo uandike kwenye jedwali lake, kisha kila Ijumaa usome:

```sql
SELECT neno, count(*) AS mara
FROM utafutaji_mtupu
GROUP BY neno
ORDER BY mara DESC, neno
LIMIT 30;
```

Trigramu sasa zina kazi yake: matokeo yakiwa sifuri, zitumie kupendekeza neno la karibu kwa aliyekosea herufi. Maneno mengine kwenye orodha hiyo mpelekee mwenye duka, muulize kila moja ni kitu gani, na jibu lake liingie kwenye `mbadala` siku hiyohiyo.