Jinsi ya kuona monosaiti zikijifunga breki

Juzi nilikaa na binti wa shahada ya uzamili ambaye jaribio lake lilikuwa limemgomea siku ya tatu. Alitaka kuona jinsi monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zinavyomwaga TNF (protini ya kuchochea uvimbe) zikiamshwa, kisha zikatoa IL-10 (protini ya kutuliza uvimbe) ya kujizuia zenyewe. Jaribio hili nalipenda mno, na halihitaji mashine kubwa.

1. Toa damu kwenye mrija wa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. EDTA, nayo ya kuzuia kuganda, hufunga kalisi, na seli haziitikii vizuri. Anza ndani ya saa 2.

2. Changanya sehemu 1 ya damu na 4 za RPMI, majimaji ya kukuzia seli. Wengi hutenganisha seli kwanza. Mimi sifanyi hivyo, maana kuzisokota kwenye sentrifuji na kuziosha kunazishtua.

3. Andaa visima vinne vyenye damu hiyo: cha 1 kitupu (bila LPS), cha 2 LPS (kipande cha ganda la bakteria, ndicho kiamshi), cha 3 LPS na kingamwili ya kuzuia IL-10, cha 4 LPS na kingamwili ya ulinganisho (isiyozuia kitu). Kingamwili itangulie dakika 30.

4. Weka LPS, nanogramu 10 kwa mililita. Inang'ang'ania plastiki, hivyo itikise kwa nguvu dakika nzima kila ufunguapo kichupa.

Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Kisima changu kitupu kilijaa TNF. Nikabadilisha vifaa vya Elisa (kipimo cha kiasi cha protini kwa kingamwili), nikabadilisha mtoa damu, wapi! Kumbe ni chupa ya kioo ya maji. Ilipita kwenye otoklevu, lakini nyuzi 121 huua bakteria tu. LPS yao hubaki. Vioo vichome kwenye tanuri kavu, nyuzi 250, dakika 30, au tumia plastiki mpya iliyothibitishwa haina endotoksini (jina jingine la LPS). Tena, seli iliyokwisha kuonja LPS kidogo huzoea: ukija kuiamsha baadaye, TNF inashuka. Kwa hiyo uchafu huohuo hupandisha kisima kitupu na kushusha jibu lako, nawe utadhani LPS imeharibika.

5. Inkubeta, nyuzi 37, CO2 asilimia 5. Vuna saa ya 4 na ya 24, sokota, gandisha majimaji ya juu.

6. Pima kwa Elisa.

Binti yule alivuna saa ya 4 tu, akaona kisima cha 2 na cha 3 vinalingana, akailaumu kingamwili. Saa hiyo IL-10 bado haijatoka ya kutosha. Inapotoka hunata kwenye kipokezi cha seli ileile iliyoitoa, ikaamsha STAT3, protini ya kupeleka ishara ndani ya seli, na jeni ya TNF ikanyamazishwa. Tofauti itafute saa ya 24: cha 3, kisicho na breki, TNF yake iwe juu kuliko ya cha 2 na cha 4. IL-10 ya kisima cha 3 usiipime. Kingamwili imeifunika, Elisa inaweza isiione.