Baiskeli ya resi ya zamani: pima kabla hujalipa

Kwenye makontena ya baiskeli za mtumba zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa huwa hazikosekani baiskeli za resi za miaka ya 1970 na 1980: fremu ya chuma, matairi membamba, usukani uliopinda kwenda chini. Huuzwa rahisi kwa sababu hazina keria na hazibebi mizigo. Gharama huja baadaye, kwenye spea. Zamani zile Waingereza, Wafaransa na Waitaliano kila mmoja alikuwa na vipimo vyake, na baiskeli iliyopatikana kwa bei ya bure inaweza kukaa ukutani mwaka mzima ikisubiri kikombe kimoja cha beringi. Kwa hiyo nenda sokoni na futi, vernia (kipimo cha milimita chenye mataya), uzi wa mita 3 na sumaku.

Anza na fremu, maana ndiyo usiyoweza kuibadilisha. Ipande bila kukaa, nyayo zote mbili zikiwa chini; kati ya bomba la juu na mapaja ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 5. Kisha pitisha vidole chini ya bomba la juu na la chini, pale yanapoungana na kichwa cha fremu, yaani bomba fupi la mbele linalopitisha shingo ya usukani. Ukigusa mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache, hata kama rangi inang'aa. Tazama foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa ubavu: sehemu yake ya juu iwe sambamba na kichwa cha fremu kabla ya kupinda kwenda mbele. Ikiwa imerudi nyuma, imegongwa.

Sasa uzi. Ufunge pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, uzungushe mbele ya kichwa cha fremu, uurudishe upande wa kulia na kuukaza. Pima toka kwenye uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Tofauti ya milimita 1 au 2 si neno. Ikizidi 3, fremu imepinda.

Kabla ya kutoa pesa, legeza nati na uhakikishe nguzo ya kiti na shingo ya usukani vinazunguka. Nguzo ya alumini ndani ya bomba la chuma hushikana kwa kutu, na chumvi ya pwani huharakisha mambo. Kuna zinazotoka kwa mafuta ya kupenya yaliyolala usiku kucha, na kuna zisizotoka mpaka zikatwe kwa msumeno. Ikigoma, hesabu kazi hiyo kwenye bei.

Magurudumu ndiyo huwaponza wengi. Usisome inchi, soma namba ya milimita kwenye tairi. 622 ndiyo 700C, na matairi yake hupatikana kwa urahisi zaidi. 630 ni inchi 27 za resi za zamani. 635 ni 28 x 1 1/2, la baiskeli za mizigo kama Phoenix. Tairi la saizi moja halikai kwenye ringi ya nyingine, hata muuzaji aseme "zote ni ishirini na nane." Ikiwa ringi za 630 zimeoza, unaweza kuweka magurudumu ya 622, ila mipira ya breki italazimika kushuka milimita 4. Angalia kwanza kama mikono ya breki ina nafasi hiyo. Pima pia upana wa fremu pale gurudumu la nyuma linapoingia: milimita 120 kwa friwili (meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo) ya gia 5, 126 kwa gia 6 au 7, na 130 kwa magurudumu ya baadaye. Fremu ya chuma ya 126 hupanuliwa kufika 130 bila shida. Ya alumini usiiguse. Sumaku ikinasa kwenye ringi, ringi ni ya chuma, na mvua ikinyesha breki zitateleza. Tafuta za alumini.

Kwenye ekseli ya pedali, hesi (mikato ya kufungia kama ya skrubu) ya Kiingereza ndiyo rafiki: bomba lina upana wa milimita 68, na kikombe cha kulia hufunguka kwa kuzungusha kama saa. Bomba la milimita 70 kwa kawaida ni la Kiitaliano. Peugeot, Motobecane na Gitane za miaka ya 1970 kwa kawaida zina hesi ya Kifaransa, na vikombe vyake ni adimu. Zungusha pedali ukisikiliza. Zikiwa laini nunua, zikikwaruza tafuta nyingine.

Wakati wa kufungua, kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kinyume na kawaida. Mikono ya pedali iliyoshikwa kwa pini: legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, egemeza mkono juu ya kipande cha bomba kinachogusa sakafu, kisha piga nyundo moja nzito. Vipigo vidogo vingi hutanua ncha ya pini, na baada ya hapo haitoki. Pini ya Kiingereza ina milimita 9.5, ya Kifaransa 9. Mikono ya alumini hutolewa kwa kivutio, kifaa kinachofungwa kwenye hesi ya mkono na kuuvuta nje, lakini toa kwanza bolti pamoja na washa, yaani kile kipete cha chini yake. Washa ikisahaulika ndani, kivutio kinang'oa hesi na mkono umekwisha.

Osha beringi kwa mafuta ya taa na ununue gololi mpya. Habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kwa kawaida huchukua 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4, ekseli ya pedali 11 za inchi 1/4. Hesabu zako unapofungua. Usichanganye mpya na za zamani, maana zilizo kubwa kidogo zitabeba uzito wote. Koni, ile nati ya ekseli inayobana gololi, ikiwa na vishimo itupe.

Vipande 24 vya mnyororo mpya, pini hadi pini, ni milimita 304.8. Vikifika 306.5, badilisha, vikifika 308, friwili nayo imelika. Nunua mnyororo wa upana wa inchi 3/32. Ule wa 1/8 wa Phoenix ni mpana mno kwa friwili ya gia.

Waya na mipira ya breki weka vipya bila kujadili. Rangi ya zamani iache, isugue tu na nta. Kwenye kromu, karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji huondoa kutu bila kuacha mikwaruzo.

Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena bolti za mikono ya pedali, hasa ya kushoto. Mkono wa alumini ukiendeshwa ukiwa umelegea, tundu lake hupanuka na hautashika tena.