Somo: Namna ya kutembelea mapango ya kale na njia za miguu katika bonde la mto Vézère, Ufaransa

Kila mwaka ifikapo majira ya kuchipua, napokea maswali yaleyale kutoka kwa ndugu walioko Ubelgiji, Uingereza na hata nyumbani: Lascaux yenyewe, lile pango maarufu kwa michoro ya kale, inafunguliwa lini, mtu alale wapi, akodi gari au atembee. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika somo hili ili maswali yatakayobaki yawe mapya.

Bonde hili liko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mto Vézère umekata mwamba wa chokaa na kuacha magenge marefu pande zote mbili, na baridi kali ya enzi za barafu ikamomonyoa matabaka laini ya mwamba huo hadi yakabaki mapaa ya mawe ambayo watu waliishi chini yake kwa maelfu ya miaka. UNESCO iliorodhesha maeneo 15 ya bonde hili kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979. Ninasisitiza jambo moja kabla ya hatua zenyewe: ukienda kwa gari kutoka tiketi moja hadi nyingine, utaona michoro lakini hutaelewa kwa nini watu walikaa hapa. Tembea kwa miguu angalau siku moja, kwa sababu ni kwa miguu tu ndipo utaona jinsi mto, genge na pango vinavyokaa pamoja.

Hatua ya 1: Chagua wakati. Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri. Agosti kuna msongamano, na majira ya baridi sehemu nyingi hufungwa.

Hatua ya 2: Chagua kijiji cha kulala. Asiye na gari alale Les Eyzies, ambako kuna stesheni ya treni zinazotoka Périgueux. Montignac, mji ulio karibu na Lascaux, hauna stesheni.

Hatua ya 3: Pata tiketi ya pango halisi kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo soma polepole. Font-de-Gaume, lililo pembeni mwa Les Eyzies kwenye barabara ya kwenda Sarlat, ni mojawapo ya mapango machache sana duniani yenye michoro ya rangi nyingi ya enzi za barafu ambayo mgeni wa kawaida bado anaruhusiwa kuiona yenyewe, si nakala. Idadi ya wanaoingia kwa siku ni ndogo mno ili pumzi zao zisiiharibu michoro, na nafasi za majira ya joto huisha mapema. Angalia utaratibu wa msimu huo kwenye tovuti rasmi ya Centre des monuments nationaux, taasisi inayolisimamia pango hilo, upate tarehe na saa, kisha ndipo upange treni na malazi kuifuata tarehe hiyo. Wanaofanya kinyume, yaani wanaolipa hoteli kwanza wakitumaini kwamba nafasi itapatikana, ndio wanaoniandikia baadaye kwa masikitiko.

Tahadhari zake ni hizi. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya kuanza ziara, na kutoka kwenye ofisi ya tiketi hadi mlango wa pango kuna njia ya kupanda mlima ya mita 400 hivi, kwa hiyo fika mapema. Ukiwa umezoea saa za Kiswahili, kaa chini uzibadili kwa utulivu: tiketi ya 11:15 ni saa tano na robo asubuhi, na ya 14:00 ni saa nane mchana, nimewashuhudia wageni waliotoka mbali wakirudishwa mlangoni kwa sababu hiyo tu. Mabegi hayaingii, picha hazipigwi. Chukua sweta hata kama nje kuna joto la kukausha samaki, kwa kuwa ndani hali ni ya ubaridi uleule mwaka mzima.

Ukiwa ndani, mwombe kiongozi akuoneshe kulungu wawili wa nchi za baridi wanaotazamana. Wa kulia amepiga magoti, na dume lenye pembe kubwa zilizopinda kama upinde limeinamisha kichwa likimlamba paji la uso. Ulimi wake umechongwa kwa mstari mwembamba ambao huuoni hadi mwanga uletwe kutoka ubavuni. Tazama pia baisani, wale nyati wenye nundu: mchoraji ametumia uvimbe wa mwamba wenyewe kuwa bega na paja la mnyama, kwa hiyo taa ikisogea, mwili nao huonekana kujaa.

Hatua ya 4: Nunua ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya taifa la Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000. Simu hupoteza mtandao kati ya magenge.

Hatua ya 5: Jifunze alama za njia. Njia ndefu za kitaifa, zikiwemo GR 6 na GR 36 zinazopita Les Eyzies, huwekwa mistari miwili midogo ya rangi, mweupe juu na mwekundu chini, juu ya shina la mti, jiwe au nguzo ya umeme. Njia fupi za kuzunguka na kurudi ulikoanzia zina mstari wa njano. Mistari iliyopishana kwa umbo la msalaba maana yake ni kwamba hiyo si njia yako, hata kama inaonekana pana na nzuri kuliko ile sahihi. Ukitembea kitambo bila kuona alama yoyote, usiendelee kwa kubahatisha. Rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona na uanze kutafuta upya kutoka hapo.

Hatua ya 6: Vaa suruali ndefu na ujikague kupe jioni. Kupe wa misitu hii huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme.

Hatua ya 7: Panga chakula. Mikahawa mingi ya vijijini huhudumia chakula cha mchana kati ya saa sita na saa nane tu.

Kwa siku ya kutembea, mahali pa kuwekea nia ni haya: La Madeleine, kijiji cha zama za kati kilichojengwa ndani ya genge juu ya kona ya mto, ambacho jina lake wanaakiolojia walilipa kipindi kizima cha utamaduni wa Magdalenia (wa wawindaji wa mwishoni mwa enzi za barafu), La Roque Saint-Christophe, genge la urefu wa kilomita moja lenye vibaraza vitano vilivyokaliwa na watu, na Saint-Léon-sur-Vézère, kijiji chenye kanisa la mtindo wa Romanesque kando ya maji, ambacho binafsi nakipenda kuliko vyote.

MASWALI NA MAJIBU

Mdau wa Antwerp: Lascaux yenyewe inafunguliwa lini? Nataka kwenda Julai.

Mwandishi: Haifunguliwi. Ilifungwa kwa umma mwaka 1963 na haitafunguliwa Julai wala mwezi mwingine.

Mdau wa Antwerp: Sasa nilipe hela nyingi nikaone kitu feki?

Mwandishi: Si feki, ni nakala, na inafaa ujue kwa nini ipo. Pango liligunduliwa na vijana wanne mwezi Septemba 1940, likafunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 lilikuwa likipokea zaidi ya watu elfu moja kwa siku. Hewa ukaa, joto na unyevu wa pumzi zao vilileta mwani wa kijani ukutani na utando mweupe wa chokaa juu ya michoro. Michoro iliyodumu miaka kama 17,000 ilianza kuharibika ndani ya miaka 15. Nakala ya kwanza hapo, Lascaux II, ilifunguliwa mwaka 1983, na Lascaux IV, inayoonesha karibu pango zima, Desemba 2016. Mimi naona kulipa ili kuona nakala ni bei ndogo ya kuwaachia wajukuu wetu kilicho halisi.

Kijana wa Mwanza: Mkuu naomba namba yako nikupigie unielekeze, sina muda wa kusoma yote.

Mwandishi: Sitoi namba. Hatua ni saba, na tano kati ya hizo ni mistari michache tu. Zisome.

Bi. Rukia, Kondoa: Shukrani kwa somo, kaka. Mimi nimekulia karibu na Kolo, na michoro yetu iko kwenye miamba ya wazi, jua linaipiga. Mbona ya huko imejificha ndani kabisa gizani? Watu wa huko walikuwa wanaficha?

Mwandishi: Dada, swali lako ni zuri sana. Sehemu ya jibu ni kwamba tunaona kilichobaki, si kila kilichokuwepo. Chini ya mapaa ya miamba ya Vézère watu walifanya sanaa pia, lakini barafu na unyevu vimekula rangi, kwa hiyo kilichosalia huko ni hasa michongo. Nenda Cap Blanc, karibu na Les Eyzies, uone farasi waliochongwa ukutani kwa ukubwa unaokaribia farasi hai. Waligunduliwa mwaka 1909, wakiwa mahali ambapo watu waliishi na mwanga wa mchana uliingia. Kwa hiyo sanaa haikuwa ya gizani pekee. Lakini ni kweli pia kwamba kuna waliochagua kuingia ndani kabisa na taa za mafuta ya wanyama, na kwa nini walifanya hivyo, wataalamu bado wanabishana. Ninyi mnao utajiri mkubwa: michoro ya Kondoa imo katika orodha hiyohiyo ya UNESCO tangu 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili tangu 1951. Ukiandika somo la kutembelea Kolo, mimi nitakuwa wa kwanza kulisoma.

Bi. Rukia, Kondoa: Nitaliandika. Kuna mchongo mwingine usiojulikana sana ambao ungenishauri?

Mwandishi: Abri du Poisson. Kwenye dari ya mwamba kuna samaki wa jamii ya samoni, urefu wa mita moja hivi, amechongwa kwa uangalifu hadi umbo la mdomo. Amezungukwa na mtaro wa pembe nne, kwa sababu baada ya kugunduliwa mwaka 1912 walijaribu kumkata na kumwondoa ili auzwe nje ya nchi, wakazuiwa kabla ya kumaliza. Hufunguliwa kwa kuweka nafasi tu.

Mama Zuhura: Mama yangu ana miaka 78 na magoti yanamsumbua. Ataona nini?

Mwandishi: Mpe shikamoo yangu. Mpelekeni Rouffignac: treni ndogo ya umeme huwaingiza wageni ndani ya pango, na ataona mamothi (tembo wa kale wenye manyoya) wengi waliochorwa kwa mistari myeusi, pamoja na alama za makucha ya dubu wa mapangoni ukutani. Mtahitaji gari. Kumbukeni kwamba huko huendeshwa upande wa kulia, na kwenye njia panda nyingi za vijijini zisizo na kibao, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita.

Mdau wa Lyon: Nyongeza: kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna uwindaji. Vaeni kitu cha rangi ya chungwa.

Mwandishi: Nyongeza muhimu, asante. Mkikuta kibao cha tahadhari ya uwindaji kwenye njia, geuzeni.

Kijana wa Mwanza: Nimesoma yote sasa, samahani kwa awali. Mtumbwi unafaa kwa mtu asiyejua kuogelea?

Mwandishi: Nashukuru kwa kusoma. Kampuni za kukodisha hukupeleka kwa gari hadi juu ya mto, nawe unashuka na mkondo, mathalani kutoka Montignac hadi Saint-Léon. Mto hutulia wakati wa kiangazi, na jaketi la kuokolea hutolewa. Lakini kwenye mengi ya makampuni haya sharti la kujua kuogelea limeandikwa kabisa, na usilisaini kwa uongo. Tembea ukingoni, genge la La Roque linaonekana vizuri vilevile kutoka nchi kavu.