Somo: rangi ya chungwa ndani ya nyumba, ipendeze na isichome macho

Assalaam alaykum wapendwa. Wengi mmeniuliza ule ukuta wangu wa ukumbini nimeufanyaje, sasa leo nimekaa niandike vizuri maana rangi hii naipenda kweli kweli na inaniuma mtu akiipaka halafu wiki mbili tu anaifunika kwa nyeupe.

Kwanza tuelewane, sisemi chungwa la kuwaka kama jaketi la usiku barabarani. Nasema ile iliyotulia, mfano wa embe dodo iliyoiva au mchuzi wa nazi uliotiwa manjano na tungule kidogo.

Hatua ya 1, tizama jua. Hapa ndo wengi wanakosea na mie nilikosea. Nilimpakia mama chumba chake kuta zote nne, na dirisha linatizama magharibi. Ikifika saa kumi jua linaingia mpaka kwenye mkeka, chumba chote kinawaka. Mama hakusema neno, lakini nikawa namuona kila siku saa ile ile anakusanya ukindu wake anaosukia anatoka nao barazani, nikajua. Sababu ni kwamba ukuta wa chungwa unatupia rangi yake ukuta ulio mbele yake, sasa zikitazamana nne kila mmoja unamkoleza mwenzake. Tukabakisha mmoja tu wa upande wa kitanda usiopigwa na jua, zile tatu tukazipaka nyeupe ya maziwa. Skuizi anasuka ndani.

Hatua ya 2, jaribu. Nunua kopo dogo kabisa, paka kwenye kadibodi ya boksi la friji mikono miwili, yaani upake mara mbili, iache ikauke, halafu uiegemeze ukutani uitizame asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka. Taa nayo ina mambo yake, zile globu nyeupe sana zilizoandikwa 6500K zinaifanya chungwa ionekane kama tope, tafuta ya 2700K au 3000K, imeandikwa kwenye boksi lake.

Hatua ya 3, ukuta wenyewe, na hapa nawaomba msiruke. Nyumba ya matofali ya saruji haina tabu, plasta mpya isubiri kama mwezi ikauke, piga msasa, paka prima nyeupe, ile rangi ya chini ya kutangulizia, endelea. Lakini nyumba za mawe na chokaa kama za Mji Mkongwe tafadhali msizipake rangi ya plastiki wala ya mafuta. Mawe yale ya matumbawe yanavuta unyevu na unyevu lazima utokee ukutani, ukiufungia ndani chumvi inachomoza, rangi inavimba malengelenge, masika yakipita unaibambua kwa mkono kama ganda la yai. Huko tumia chokaa yenyewe, changanya na unga wa oksaidi, ule mwekundu wa sakafu pamoja na wa njano. Ukuta urowanishe kwanza, paka nyepesi nyepesi mara nyingi, na ujue chokaa ikikauka inapauka sana kuliko ilivyokuwa ndooni, kwa hivyo jaribu pembeni usubiri mpaka kesho.

Hatua ya 4, kiasi. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita 12 za mraba. Lita moja inafunika kama mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, lakini chungwa haizibi vizuri kwa hivyo hesabu mikono mitatu, kopo la lita 4 linatosha.

Vya kuiweka karibu: milango ya mbao, sinia la shaba, mkeka, pazia nyeupe au la kijani cha bahari. Kochi jekundu hapana jamani.

MASUALI

Suali, Wete: Dada mie nimepanga na mwenye nyumba hataki rangi nyengine, nifanyeje?
Jibu: Chukua kitambaa kizito cha rangi hiyo ukitundike kwa fimbo ya pazia ukuta mzima nyuma ya kochi. Ukihama unakunja unaondoka nacho.

Suali, Mwera: Jikoni inafaa?
Jibu: Inafaa sana, ila chukua ya silki inayofutika, ya mati, ile isiyong'aa, ikishika mafuta ya kukaangia hayatoki.

Suali, Malindi: Shoga nimelia kusoma hatua ya 3, ukuta wa chokaa wa bibi nshaupaka mafuta mwaka jana na ushaanza kuvimba.
Jibu: Pole mwaya, bado unatengenezeka. Bambua yote, ile chumvi ifute kwa brashi kavu usiioshe kwa maji maana itarudi ndani, halafu uache ukuta wazi madirisha yakiwa wazi miezi ya kaskazi yote. Kabla ya masika ndo upake chokaa.

Suali, Malindi: Bibi ndo analala humo, tumhamishie wapi miezi yote hiyo?
Jibu: Asihame, vumbi la kubambua tu ndo asikae nalo. Mkimaliza ufagie vizuri, kitanda kivuteni hatua moja mbali na ukuta, alale.