Mhasibu wako anafanya kazi, au anakusomea namba tu?

Anza benki, si mezani kwake. Chukua mwenyewe taarifa ya akaunti ya mwezi uliopita, usikubali aliyokuchapia yeye, kisha mwombe usuluhisho wa benki, yaani ulinganisho wa daftari na benki, wa mwezi huohuo. Salio la daftari na la benki yakitofautiana, kila shilingi iwe na maelezo: hundi ambayo haijapita, makato ya benki. "Nyinginezo" si maelezo.

Halafu kodi, kwa Tanzania. PAYE, kodi ya mishahara, hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kama umesajiliwa, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Dai uthibitisho wa malipo yenyewe, maana ritani, fomu ya kodi, huweza kutumwa bila hela kulipwa, na riba ikaanza kupanda kimyakimya. Michango ya NSSF waangalie wafanyakazi wenyewe.

Kwa muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, panapovuja ni fedha taslimu. Chagua siku 3 wewe mwenyewe, ulinganishe ripoti ya Z, jumla ya mauzo ya siku, ya mashine ya risiti ya EFD na mauzo yaliyoandikwa. Hesabu na magunia ghalani, bila kumpa taarifa. Anayeandika vitabu asishike pia simu ya kupokelea malipo, hata akiwa shemeji.